Sumu Yenye Sahihi

"Nguo zimekauka," ilisema sauti sikioni.

Nyigu aligeuza ufunguo wa pikipiki yake ya Yamaha, akavuta kofia ngumu hadi kwenye nyusi, ndipo akajibu.

"Naanua."

Maana yake ilikuwa moja tu: mtu wako ametoka, mfuate.

Mtu mwenyewe alikuwa anavuka barabara mbele ya duka la matairi. Suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, mikono mitupu. Ghorofani juu ya duka lile kulikuwa na ofisi ndogo ya waandishi wa programu za kompyuta, na wao walimwita Mshauri. Alikuja kwao akitabasamu, akajitolea kuwasaidia bure, nao wakampokea kwa mikono miwili. Asubuhi hiyo alitoka bila kuaga.

Land Cruiser nyeupe ikapunguza mwendo. Mlango ukafunguka. Mshauri akazama ndani na gari likaondoka kabla mlango haujafungwa sawasawa.

Nyigu akaunga nyuma yake.

"Mkubwa, yuko garini. Dereva mmoja, mlinzi simwoni. Nimkamate?"

"Usimguse. Mfuate tu. Tunataka kujua anakutana na nani."

Nyigu hakuwahi kupenda amri zenye "tu" mwishoni. Aliyepewa amri ya namna hiyo ndiye hulaumiwa baadaye, na yeye alikwisha kulaumiwa vya kutosha kazini. Hata hivyo alifuata, akijificha nyuma ya lori la saruji, macho kwenye taa nyekundu za lile gari.

Hawakufika hata mzunguko wa pili wa barabara. Mkubwa akarudi hewani, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Nyigu, mambo yameharibika. Yule mwanamke wa pale juu amepiga simu, analia. Sikiliza vizuri, sirudii."

Alichoeleza Mkubwa kwa maneno machache, na kwa matusi mengi, kilikuwa hiki.

Yule mwanamke wa pale juu kila mtu alimwita Fundi. Yeye na wenzake wawili ndio walioandika programu inayoendesha mashine za kusafishia damu, zile za wagonjwa wa figo, karibu katika kila hospitali nchini. Kazi safi. Lakini Fundi alikuwa na adui asiyeonekana, na adui huyo alikuwa ulinzi wake mwenyewe.

Kompyuta za siku hizi haziamui peke yake. Zikikutana na faili, huchukua alama yake, kama askari anavyochukua alama za vidole, kisha huuliza kwenye kompyuta kubwa za kampuni ya ulinzi zilizo mbali huko, ambazo watu huziita wingu: huyu mnamjua? Wingu likisema tunamjua, ni mtu mwema, faili linapita. Likisema hatujawahi kumwona, faili linatiwa ndani, hata kama halina kosa. Ni mpango mzuri sana, kwa sababu kirusi kikionekana kwenye kompyuta moja, kompyuta nyingine zote duniani zinakijua papo hapo.

Mzuri, ila kwa anayetengeneza vitu vipya. Faili la kampuni kubwa huzaliwa likiwa na wajomba kila mahali. Faili la Fundi lilizaliwa yatima. Alikuwa anamaliza kuliandika, anabofya litengenezwe, anakwenda kuchukua chai, akirudi anakuta limemezwa. Palepale mezani kwake, kabla hajalijaribu hata mara moja. Kazi ya wiki nzima inaitwa mwizi na kompyuta aliyoinunua mwenyewe.

Ndipo Mshauri akamwambia, kwa upole: ile folda unayotengenezea programu, itoe kwenye ulinzi. Waambie walinzi wasiiguse. Mbona kila mtu anafanya hivyo?

Na ni kweli, kila mtu anafanya hivyo. Anayetaka kumcheka Fundi aende kwanza akaangalie kompyuta yake.

Folda ikawa chumba kisicho na mlinzi, na Mshauri akaweka kitu chake humo. Asubuhi hiyo Fundi alifunga toleo jipya la programu, akalitia sahihi yake ya kidijitali, sahihi safi iliyojengwa kwa miaka, akalipandisha kwenye kompyuta ambako hospitali zote huvuta matoleo mapya zenyewe. Akatoka na chai yake. Aliporudi, folda ilikuwa tupu, nywila ya kule alikopandisha imebadilishwa, na kiti cha Mshauri kilikuwa bado cha moto.

"Saa sita hospitali zinavuta toleo jipya," Mkubwa alisema. "Zikishavuta, mashine zote zinazimika. Na muda huu kuna wageni wa suti nyeusi wamekaa hotelini na waziri. Mkataba wa gesi uko mezani. Watamwambia tia saini, tuziwashe."

"Tupige simu hospitali."

"Tunapiga. Nusu hawapokei, nusu wanatuuliza sisi ni nani."

"Wingu halitalizuia?"

"Lina sahihi ya Fundi. Wingu linamwamini Fundi. Litalipitisha kwanza, litalichunguza baadaye."

"Baadaye ni mazishi."

"Sasa unaelewa."

Lori la saruji liliingia kushoto. Nyigu akabaki wazi barabarani, akainama juu ya tangi.

"Nani ana nakala ya hiyo sumu?"

"Huyo uliye nyuma yake. Anaivusha mpakani kwa mkono, kuna nchi nyingine inayofuata."

"Kwa nini asiitume tu?"

"Ataitumaje? Ikipita mtandaoni, wingu linabaki na nakala ya kuichunguza. Anaibeba mwilini kama magendo."

"Kwa hiyo sasa namgusa."

"Mguse, Nyigu. Mguse haswa."

Akazungusha mkono, na Yamaha ikapiga kelele.

Alipanda njia ya waenda kwa miguu, akapita kati ya nguzo na kibanda cha kuuzia vocha, mwenye kibanda akamtukana ukoo mzima, naye akateremka ubavuni mwa Land Cruiser. Kioo kikashuka. Mtutu wa bastola ukachungulia.

Nyigu hakungoja kusalimiwa. Glock yake ilikohoa mara mbili kupitia kizuia sauti na tairi la mbele likapasuka. Gari likayumba, likapanda ukingo, likaingia moja kwa moja kwenye lango la ghala.

Lilikuwa ghala la magodoro.

Dereva aliinua mikono juu na hakuishusha tena mpaka polisi walipofika. Mshauri alikimbia. Kwa suti ile na viatu vile alikimbia vizuri kuliko Nyigu alivyotarajia, na jambo hilo lilimkera. Wafanyakazi wa ghala walilala chini wote kwa pamoja. Mshauri akapotea kati ya milundo iliyofika kwenye dari.

Kimya.

Kisha lundo zima likaanguka.

Nyigu alijikuta chini ya magodoro, hewa imekatika, na teke kutoka asikojua likapata shavu lake. Akaonja damu. Alikasirika. Akakamata kifundo cha mguu, akavuta, Mshauri akaanguka juu yake, na wakapigana kama watoto wanaogombea kitanda, kila mmoja akidunda alipotupwa. Bastola ya Mshauri ililia mara moja na sponji ikaruka hewani. Nyigu akaigonga kwa kiwiko, ikapotea.

Mshauri akamkaba.

Saa ya Casio mkononi mwa Nyigu haikuwa ya kutazamia wakati pekee. Aliibonyeza shingoni mwa yule bwana, umeme ukalia, na vidole vikalegea kooni mwake.

Alimfunga pingu kwenye nguzo ya chuma, akaanza kumpekua. Pasi tatu za nchi tatu. Simu ya Samsung, imezimwa. Kalamu, leso, pipi za mnanaa, kichupa cha dawa ya pumu. Flashi hakuna. Akapekua soli za viatu. Akapekua mkanda. Hakuna.

Mshauri alikuwa anahema kama mvukuto, jasho linamtiririka, lakini anatabasamu.

"Umechelewa, dada."

Nyigu akamtazama. Mtu mwenye pumu, amekimbia, amepigana kwenye vumbi la sponji, anatafuta pumzi kwa shida, na wala hajaangalia dawa yake.

Akakiokota kile kichupa, akakivunja kwa kitako cha Glock. Kadi ndogo ya kumbukumbu ikaanguka kiganjani, nyembamba, nyeusi, si kubwa kuliko ukucha.

Tabasamu la Mshauri likafa.

"Huna cha kufanya nayo," alisema kwa haraka. "Sahihi ni ya yule mwanamke. Wingu lenu litasema salama. Na yeye hatasema kitu, namjua. Atajificha. Watu wa kazi ile wanaogopa aibu kuliko jela."

Nyigu aliitia kadi mfukoni. Alimwekea leso yake mwenyewe mdomoni, akatoka.

"Mkubwa, sumu ninayo."

"Vizuri. Ilete kambini. Lakini hatukungoji." Sauti ilikuwa nzito. "Nimeongea na kampuni ya ulinzi. Wako tayari kufuta sahihi ya Fundi. Chochote chenye sahihi ile hakitawaka popote."

Nyigu alikuwa ameshaweka mguu juu ya pikipiki. Akaushusha.

"Na programu iliyo kwenye mashine sasa hivi? Ile nzuri? Nayo ina sahihi hiyohiyo."

"Mashine zitasimama kwa muda. Tutaziwasha kwa mkono."

"Kuna watu wamelala pale, damu yao iko kwenye mirija."

"Ni wachache kuliko—"

"Ni walewale, Mkubwa! Mashine ni zilezile! Wageni wakizizima ni uhalifu, sisi tukizizima ni nini?"

"Nyigu. Hiyo ni amri."

"Nipe mpaka saa sita. Faili hili moja likijulikana kuwa sumu, wingu litazuia hili peke yake. Programu nzuri itabaki."

"Nani atalithibitisha? Wewe ukilituma litakaa kwenye foleni mpaka kesho."

"Fundi. Ana mlango wake wa waandishi wa programu. Faili lake linachunguzwa papo hapo."

"Rudi kambini."

"Mtandao unasumbua, Mkubwa."

"Nakusikia vizuri kabisa!"

"Basi sikia na hili. Ukifuta ile sahihi kabla ya saa sita, jina litakaloandikwa kwa kila atakayekufa ni lako."

Akachomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akawasha pikipiki.

Fundi hakuwa ofisini. Mwenzake, macho mekundu, alimwambia Nyigu kupitia dirishani kwamba amekimbilia hospitali. Leo ni zamu ya mama yake kusafishwa damu.

Nyigu akakamata usukani. Akageuza.

Wodi ya figo ilikuwa na viti vya kulalia vilivyopangwa ukutani, na kando ya kila kiti mashine nyeupe yenye pampu inayozunguka polepole. Muuguzi alimzuia mlangoni.

"Dada, kofia! Na hivyo viatu!"

"Samahani," Nyigu alisema, akavua kofia, akapita na viatu.

Alimjua Fundi bila kuonyeshwa. Mwanamke mwembamba, nywele amezifunga kwa mpira wa benki, ule wa kufungia noti, kompyuta kuukuu ya ThinkPad mapajani, ameshika mkono wa mama yake kana kwamba atanyang'anywa. Mama mwenyewe alikuwa amejifunika shuka, mirija miwili ikitoka mkononi, damu ikienda na kurudi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatoka damu mdomoni?"

"Nimegongana na godoro, Mama."

"Magodoro ya siku hizi ni magumu," mama alisema, akafumba macho.

Nyigu akachuchumaa kando ya Fundi, akafungua kiganja. Fundi aliitazama ile kadi kama mtu anayetazama nyoka, kisha akamtazama Nyigu.

"Nimeua watu," alinong'ona. "Mama yangu mwenyewe."

"Hujaua mtu bado. Chomeka."

Fundi akaweka vidole kwenye kibodi. Kwanza alifungua mipangilio ya ulinzi, akaifuta ile ruhusa aliyoipa folda yake. Kisha akachomeka kadi. Faili likatokea. Ulinzi ukalichukua alama, ukauliza wingu, ukarudi na alama ya kijani.

*Salama. Mtengenezaji anaaminika.*

"Unaona?" Fundi alisema. "Linaniamini mimi."

"Basi liambie lisikuamini. Una mlango wako."

Fundi aliufungua. Ulikuwa ukurasa wa kawaida tu, wenye machaguo mawili. La kwanza lilisema: *Faili langu limezuiwa kimakosa.* Hilo Fundi alilijua kama njia ya nyumbani. Humo ndimo alimoshinda akibembeleza kila toleo jipya likikamatwa, akiandika jamani mmenionea, jamani ni mimi yuleyule wa juzi. La pili hakuwahi kuligusa maishani: *Faili hili ni hatari.*

Akaligusa.

Ukurasa ukauliza sahihi ni ya nani. Akaandika jina la ofisi yake. Onyo likatokea, naye akalisoma kwa sauti ya chini.

"Matoleo yako yaliyokwisha kujulikana yataendelea kufanya kazi. Matoleo yako mapya yote yatazuiwa hadi uchunguzi ukamilike." Akaacha kusoma. "Uchunguzi wa mtengenezaji ni miezi. Wateja hawatangoja miezi. Ofisi imekwisha."

Nyigu hakuwa mtu wa kumwambia mnyonge kwamba mambo yatakuwa sawa.

"Mkubwa wangu anaweza kuandika kwamba sahihi iliibwa. Utabaki msafi."

Pampu ikazunguka. Mama akakohoa usingizini.

"Haikuibwa," Fundi alisema. "Niliitia mimi, kwa mkono wangu, kikombe cha chai kikiwa mezani. Nikisema iliibwa watatafuta mwizi wa sahihi, wataacha kuchunguza faili." Akainua uso. "Yule bwana alisema nini juu yangu?"

"Kwamba utaona aibu. Kwamba utajificha."

Mshipa ukamsimama Fundi shingoni.

"Alikaa kwangu. Alikula chakula changu. Na hesabu yake yote ilikuwa aibu yangu?"

"Ndiyo."

"Basi sioni aibu. Mwambie. Sioni hata kidogo!"

Akabofya *Tuma*.

Nyigu alirudisha kifaa sikioni. Mkubwa alikuwa anafoka tayari.

"...kidole changu kiko kwenye simu, Nyigu, unanisikia? Nawaambia wafute sasa hivi!"

"Limetumwa. Wingu linalo. Wameliweka kizimbani, wanalifungua waone linafanya nini."

"Na lisipofanya kitu?"

"Litafanya."

"Siwezi kungoja."

"Basi njoo huku uzime mwenyewe. Njoo wodini, uanze na huyu mama aliyelala mbele yangu. Mimi sizimi mashine ya mtu, na wewe huzizimi mimi nikiwa hai."

Mkubwa akahema. Hakusema wafute. Hakusema wasifute. Nyigu akasikia saa ya ukutani ikitembea.

Kwenye ThinkPad, mstari mmoja ulisoma: *Linachunguzwa.*

Bado.

Fundi alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili. Muuguzi, aliyekuja kumfukuza mtu wa viatu, akasimama nyuma yao bila kujua kwa nini amesimama.

Mstari ukabadilika. Ukawa mwekundu.

*Hatari. Limezuiwa kote.*

Saa sita.

Vioo vya mashine zote za wodi ile vikametameta kwa pamoja. Pampu ya mama ikapunguza mwendo, ikapunguza tena. Kwenye kioo yakatokea maandishi madogo: *Toleo jipya limekataliwa. Tunaendelea na la awali.*

Pampu ikashika mwendo wake. Ya jirani nayo. Na ya jirani yake. Wodi nzima ikazunguka.

Fundi aliangusha paji la uso kwenye shuka la mama yake, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

"Mkubwa?" Nyigu aliuliza.

"Wageni wamempa waziri simu asikilize hospitali zikizimika," Mkubwa alisema taratibu. "Alichosikia ni muuguzi mkuu akimuuliza anataka nini wakati wa kazi. Waziri amelifunga faili la mkataba bila kutia saini, amewaomba pasi zao." Akakohoa. "Wanatolewa hotelini sasa hivi. Kwa mlango wa jikoni."

Mama alifumbua macho.

"Wewe mtoto, hata huku umekuja na hilo dude? Na unalilia nini?"

Fundi alijipangusa uso kwa kiganja. ThinkPad ilikuwa bado wazi mapajani, na juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nyekundu zitakazosomwa na kila kompyuta duniani, lilikaa jina la ofisi yake. *Mtengenezaji huyu haaminiki.* Alilisoma lote, hakuruka neno.

"Hakuna kitu, Mama. Kazi imeharibika kidogo. Nitaanza upya."

"Anza basi. Lakini kwanza kaa na mimi mpaka nimalize."

"Nitakaa."

Nyigu akaokota kofia yake. Alisimama wima mbele ya yule mwanamke wa mpira wa benki, akampigia saluti, ile kamili, ambayo Mkubwa mwenyewe hakuwahi kuipata. Kisha akatoka, viatu vikilia kwenye sakafu safi ya muuguzi.

Kwenye ngazi, sauti ikamkuta.

"Umekataa amri yangu, Nyigu. Itabidi niandike. Nani alikupa ruhusa ya kutuma lile faili?"

Nyigu alivaa kofia, akasukuma mlango, jua likampiga usoni.

"Mwenyewe," alisema. "Mwenye faili."

Akawasha pikipiki.